Siku Nzima Nairobi na Mchezo wa Kuigiza Jioni: Panga Ukianzia Mwisho

Kila baada ya wiki chache kuna mtu ninayemjua anaharibikiwa na siku ya namna hii. Tiketi anazo, shati kalipiga pasi, lakini anafika Kenya National Theatre pale Harry Thuku Road waigizaji wameshapanda jukwaani. Mwingine anawahi, ila njaa inamkata tumbo hata maneno hayamwingii. Mwingine mchezo unamkolea, anatoka akicheka, halafu saa tatu usiku yuko langoni hajui atafikaje Kitengela.

Makosa ni yale yale na chanzo chake kimoja: watu hupanga siku kuanzia asubuhi. Chai, kisha makumbusho, kisha nyama choma, kisha picha za jengo la KICC, na mchezo unaachiwa muda uliobaki. Mimi huanza na safari ya kurudi nyumbani, nikaja kwenye mchezo, nikateremka hivyo hivyo hadi chai ya asubuhi. Nimewatembeza hivi wageni wengi wa kutoka nyumbani Mombasa, na tangu nishike utaratibu huu hakuna aliyekuta mchezo umeanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Tiketi kwenye simu, pamoja na picha yake ya skrini. Mtandao hupotea hapo hapo mlangoni, watu arobaini wakifungua simu kwa pamoja.
- Kitambulisho halisi. Majengo kadhaa ya mjini hayaruhusu mtu kuingia bila hicho.
- Salio la M-Pesa, na noti ndogo ndogo za pesa taslimu.
- Pawabenki iliyojaa chaji. Simu yako leo ndiyo tiketi, pochi na teksi.
- Sweta au jaketi, hata kama mchana jua ni kali. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti baridi ya jioni haina mzaha, na sisi watu wa pwani ndio huumbuka zaidi.
- Mwavuli mdogo, kama ni Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba.
- Viatu vya kutembelea. Vya kisigino weka kwenye begi, uvae ukifika.
- Begi moja dogo la kuvalia mbele. Mfuko wa plastiki usije nao; umepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Pesa je? Kwa watu wawili mimi hutenga shilingi 5,000: tiketi 2,000, matatu ya kuja 200, chakula cha mchana 1,000, chai na vitafunio 400, teksi ya usiku 800, na akiba 600. Kiingilio cha makumbusho ni juu ya hapo. Tiketi na teksi hubadilika kulingana na kundi linaloigiza na mtaa unaokaa, lakini akiba usiiguse. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, nauli hupanda kabla hujafungua mwavuli.

## Hatua ya 1: Chagua mchezo, kisha soma saa mara mbili

Wikendi michezo mingi huwa na maonyesho mawili kwa siku, la alasiri na la jioni. Matangazo huandikwa kwa saa za Kizungu, sisi tunazungumza kwa saa zetu, na hapo ndipo wengi wanapotumbukia. Tangazo likisema 3 PM, ni saa tisa alasiri. Likisema 6:30 PM, ni saa kumi na mbili na nusu jioni.

Shemeji yangu alisoma "3 PM", akamwambia mkewe kwa simu "ni saa tatu", naye mkewe akatayarisha watoto kwa saa tatu ya Kiswahili. Saa tisa na robo mchezo unaendelea, shemeji yuko langoni peke yake, mke na watoto bado wanaoga nyumbani, mtaa wa Umoja, wakijua wana hadi usiku. "Si ulisema saa tatu?" Kweli alisema. Ukimwandikia mtu, taja na wakati wa siku: saa tisa *alasiri*, saa tatu *usiku*.

Jambo la pili ni ukumbi wenyewe. Ndani ya uwanja wa Kenya National Theatre kuna ukumbi mkuu na kuna Ukumbi Mdogo, na huenda vyote viwili vina shughuli siku moja. Michezo mingine haiko hapo kabisa. Iko Alliance Française, kwenye kona ya Loita na Monrovia. Umbali si mkubwa, lakini ukigundua zimebaki dakika tano, utaingia unahema.

La tatu, uliza lugha. Mchezo mmoja unaweza kuchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi, mwingine ukawa wa Kikikuyu au Kijaluo mwanzo mwisho. Ukimleta nyanya yako kutoka kijijini kwenye vichekesho vya Sheng tupu, atakaa anakutazama wewe badala ya jukwaa. Na kama una watoto, uliza pia umri unaofaa. Vichekesho vya watu wazima Nairobi havina aibu.

Hatua hii imekamilika ukiwa na ujumbe wa malipo, tiketi yenye siku, saa na jina la ukumbi, na watu wote unaokwenda nao wamekujibu kwa saa ile ile.

## Hatua ya 2: Maliza habari ya kurudi kabla ya kufikiria kuja

Mchezo wa saa 12:30 jioni hutoka karibu saa tatu usiku, wakati mwingine hupita. Matatu bado zipo wakati huo, lakini kutembea hadi stejini ukiwa mgeni, giza limeingia na simu mkononi, sikushauri.

Jiulize unarudi wapi. Kama ni Westlands, Ngara, Parklands au Kilimani, teksi ya programu ya simu itakutosha bila kukuumiza. Kama ni Thika, Machakos au Kitengela, una njia mbili za busara: nunua onyesho la alasiri, utoke kabla giza halijatulia, au lala mjini. Njia ya tatu, ile ya "tutaona mbele kwa mbele", ndiyo inayowakesha watu.

Wanaotoka Mombasa kwa treni, njooni siku moja kabla. Kituo kikuu cha Madaraka Express kiko Syokimau, nje ya mji, na kutoka pale hadi mjini ni safari nyingine. Ukishuka na mizigo huna siku ya kutembea, una nusu siku ya kuchoka.

Kabla ya kwenda mbele, andika mahali: *tutarudi kwa chombo gani, kutoka wapi, kwa shilingi ngapi, na nani mwenye pesa hiyo.*

## Hatua ya 3: Andika saa ukirudi nyuma

Chukua karatasi. Juu kabisa andika saa ya kurudi, chini yake saa ya mchezo, kisha uteremke. Mpango wangu wa Jumamosi, kwa mchezo wa 12:30 jioni, huwa hivi:

- 3:00 usiku: teksi
- 12:30 jioni: mchezo
- 11:45 jioni: langoni
- 11:15 jioni: kuanza kutembea kwenda ukumbini
- 10:00 jioni: chai na kitu kidogo cha kula
- 8:15 mchana: matembezi mjini
- 6:45 mchana: chakula
- 4:00 asubuhi: makumbusho
- 2:45 asubuhi: stejini, kungoja matatu

Kama mchezo ni wa alasiri, ondoa makumbusho yote. Usijaribu kuyabana. Nenda mjini saa tano, kula saa sita na nusu, uwe langoni saa nane na robo.

Dakika arobaini na tano kati ya kufika langoni na mchezo kuanza si za mapambo. Kuna ukaguzi wa mabegi, foleni ya tiketi, choo, na kumtafuta yule mmoja wenu aliyepotea. Kila kundi lina mmoja.

## Hatua ya 4: Asubuhi, mahali pamoja pakubwa. Pamoja tu

Ninapochagua mimi, ni Makumbusho ya Kitaifa pale Museum Hill. Yako upande ule ule wa mji na ukumbi, na yana kivuli, viti, vyoo safi na vitu vya kweli vya kutazama. Jiandae kulipa kwa simu.

Usianze kwenye ndege waliokaushwa, ingawa ndio wanaoita macho kwa wingi wao. Nenda kwanza chumba cha chimbuko la binadamu, akili ikiwa bado mbichi. Humo yumo Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu karibu na Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Simama pale mbele ya mbavu zile. Chumba kina giza kidogo, watu hushusha sauti bila kuambiwa, na mtoto aliyekuwa anasumbua njia nzima hunyamaza na kuuliza, "Alikufa na nini?" Mpe dakika kumi.

Baada ya hapo toka uani umwone Ahmed, sanamu ya ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe na askari kwa ajili ya pembe zake. Alikufa mwaka 1974. Pembe zake karibu ziguse ardhi, na kila mtu anataka kupigwa picha hapo. Nyoka wana sehemu yao pembeni. Nenda kama moyo wako unaruhusu.

Saa sita na nusu toka, hata kama hujamaliza. Utarudi siku nyingine.

Kama umri au miguu hairuhusu kupanda kilima, mbadala mzuri ni Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue kando ya sanamu ya Tom Mboya. Ghorofa ya chini imejaa mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Saa moja na nusu inatosha. Wahi asubuhi, na Jumapili usiende, pamefungwa.

## Hatua ya 5: Kula sana mchana, si jioni

Watu huuacha mlo mkubwa uwe wa kabla ya mchezo. Matokeo yake nimeyashuhudia kwa jirani wa kiti: ugali, samaki mzima, halafu giza na kiti laini. Alianza kukoroma kabla mhusika mkuu hajatokea.

Kula vya kushiba mchana. Mjini kati kuna vyakula vya kila aina: pilau na biriani mitaa ya kuzunguka Msikiti wa Jamia, ugali na samaki, chapati na madondo, githeri ya bei ya mwanafunzi. Chagua mahali ambapo chakula kimeshapikwa na unakiona.

Nyama choma ninaionya hasa. Siku moja tuliagiza mbuzi kilo moja na nusu saa saba kamili. Saa saba na nusu tukaletewa maji ya kunawa, tukanawa. Saa nane tukaletewa kachumbari. Nyama ilifika saa nane na dakika ishirini, ikiwa bado inalia mafuta kwenye ubao, tamu ajabu, na siku yetu ilikuwa imeshakatika vipande. Kama huwezi bila nyama choma, piga simu waanze kuchoma kabla hujafika.

## Hatua ya 6: Alasiri ya kutembea polepole

Hapa usiweke ratiba ngumu. Kazi ya saa hizi ni kukusogeza taratibu kuelekea ukumbini.

Anza City Market, Muindi Mbingu Street: maua mlangoni, vinyago na vyondo ndani. Bei utakayotajiwa kwanza ni ya kumpima mgeni. Anza na nusu yake, tena kwa tabasamu. Usinunue kinyago kikubwa. Utakipakata saa mbili nzima gizani.

Kisha fuata barabara hiyo hiyo hadi Bustani ya Jeevanjee, ukae kwenye benchi. Huo, kwangu mimi, ndio mchezo wa kwanza wa siku, na hauna kiingilio. Mhubiri mmoja anapiga kelele chini ya mti, hatua ishirini kutoka kwake wanaume wamesimama duara wanabishana siasa kwa utaratibu kabisa: mmoja akizungumza, wengine wananyosha mikono kungoja zamu. Wanajiita Bunge la Mwananchi. Nimewahi kuona mzee akimjibu kijana kwa methali tatu mfululizo, duara lote likaangua kicheko, na kijana naye akapiga makofi. Ukitoka hapo na kwenda kutazama waigizaji, unajua lugha yao wameitoa wapi.

Tahadhari: simu isining'inie mkononi ukitembea. Ukitaka kusoma ramani, ingia dukani. Mtu akikuambia umeangusha kitu, au akikupaka uchafu kwa bahati mbaya na kutaka kukufuta, endelea na safari yako.

Saa kumi kunywa chai. Chai ya maziwa, mandazi mawili au sambusa, basi. Nenda msalani hapo hapo, weka simu kwenye chaji, na badilisha viatu kama una vya kubadilisha. Ukiwa umekaa, miguu imepumzika, na saa kumi na moja haijagonga, uko sawasawa.

## Hatua ya 7: Ingia Harry Thuku kwa miguu

Teksi saa kumi na moja jioni mjini ni gereza la kulipia. Kutoka Jeevanjee hadi ukumbini ni kama dakika kumi kwa mguu. Kwa gari, siku ya foleni, nimewahi kutumia nusu saa.

Fuata Muindi Mbingu hadi University Way. Vuka pamoja na watu, si peke yako, na usiamini taa peke yake, maana matatu nazo zina tafsiri yao ya rangi nyekundu. Ingia Harry Thuku Road. Utapita ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukiiona hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya barabara ndio ukumbi.

Nenda jua likiwepo. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na moja na robo una mwanga wa kutosha. Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu, chukua teksi lakini uondoke saa kumi na nusu.

## Hatua ya 8: Ndani

Uliza kama viti vina namba. Mara nyingi havina, na anayetangulia huchagua. Viti vya mbele kabisa vinavutia, ila utaona vidole vya miguu vya waigizaji na shingo itakuuma. Safu za katikati, katikati ya ukumbi, ndizo zangu. Mwenye mtoto akae pembeni karibu na njia, ili kilio kikianza atoke bila kuwakanyaga watu kumi.

Zima sauti ya simu na upunguze mwanga wake. Usirekodi. Zaidi ya adabu, kazi ile ndiyo riziki yao, na mwigizaji aliye jukwaani anaiona taa ya simu yako kuliko unavyodhani. Kucheka, kuguna, kumjibu mhusika kwa "Aaii!" kunaruhusiwa, watazamaji wa Nairobi hawakai kama wako msibani, na waigizaji huchochewa na hilo.

Mchezo ukichelewa kuanza, tulia. Hutokea. Wakati wa mapumziko nenda msalani mara taa zinapowaka, kwa sababu foleni ya wanawake hujaa kufumba na kufumbua. Usitoke nje ya lango kutafuta vitafunio. Nimewaacha wengi huko.

## Mvua, au mabadiliko ya ghafla

Mvua ikianza mchana, futa matembezi, si mchezo. Baki chini ya paa mahali ulipokula, na usogee ukumbini saa moja mapema kuliko ulivyopanga. Mji huu ukilowa, kila kitu chenye magurudumu husimama. Na kukiwa na tangazo la maandamano au mbio za marathoni, angalia asubuhi barabara gani zimefungwa, kisha piga simu kwa wauzaji wa tiketi kuthibitisha onyesho lipo.

## Hatua ya 9: Kutoka

Usikimbilie mlango. Watu wote hutoka pamoja na kuita teksi pamoja, na bei hupanda papo hapo. Kaa kitini dakika tano, au simama na wengine uani, maana mara nyingi waigizaji hutoka kusalimia jamaa zao.

Ita gari ukiwa ndani ya uwanja. Linganisha namba ya gari na ile ya kwenye simu kabla ya kufungua mlango, na mwache dereva ataje jina lako yeye kwanza. Njia za kushukia upande wa mzunguko wa barabara wa Globe na mtoni usizitumie usiku kwa miguu, hata kama mwenyeji mmoja atakuambia ni karibu. Ni karibu kweli. Usizitumie.

Watuma ujumbe nyumbani watume sasa, kabla pawabenki haijaisha. Na kama dereva anasema "dakika tatu" kwa mara ya nne, msimpigie kelele. Rudini kwenye mwanga, vaeni masweta, mwendelee kubishana kama yule mama mkwe wa jukwaani alikuwa anaigiza au ndivyo alivyo.